Jivu Kuzunguka Banda la Mama

Kijana wa duka la pembejeo alifungua kopo akanisogezea puani, eti nihakikishe mwenyewe kwamba dawa ni kali. Hakuwa na haja ya kunisogezea. Ile harufu ilikuwa imeshanifikia tangu alipogusa kifuniko, kali, yenye kautamu fulani ndani yake, ya kukaa nyuma ya koo. Nilirudi nyuma nikagonga mfuko wa mbolea.

"Hii ndiyo kiboko ya siafu, mama," alisema. "Unanyunyiza asubuhi, jioni unafagia maiti tu."

"Nina kuku, na wanazurura uani."

"Wafungie kidogo. Vumbi likitulia, unawafungulia."

Nilimshukuru nikatoka bila kununua kitu. Nje mvua ilikuwa imekatika, jua la Ifakara limewaka, bodaboda zinarusha matope, watu wananisalimia, na mimi nimesimama pembeni ya barabara natema mate. Sikuwa nimeinusa harufu ile tangu nikiwa mtoto mwenye mapengo ya mbele, kule Kiberege, uani kwa mama. Niseme mapema kwamba hii si kumbukumbu tamu. Watu wa rika langu wakikaa wakaanza kukumbuka utoto wao, wanakumbuka kumbikumbi wa kukaanga na kuogelea mtoni wakati wa kuchunga. Na mimi nayakumbuka hayo, lakini nayakumbuka nikiulizwa. Hili huja lenyewe.

Kwetu nyumba ilikuwa ya baba, shamba la baba, baiskeli ya baba. Kuku walikuwa wa mama. Hakuna aliyewahi kulitamka jambo hilo, lakini baba alipotaka kumchinjia mgeni kuku, alimwomba mama, na mama ndiye aliyemchagua wa kukamatwa. Kuku wale wote walitoka kwa bibi, mama yake mama, aliyekuwa akiishi kijiji cha Mbingu. Mama alipoolewa, bibi alimpa mtetea wa mbegu. Utaratibu wao ulikuwa kwamba mtetea akitotoa na vifaranga wakakua, jogoo mmoja hurudi kwa mama mzazi, na mama mzazi akimpokea humpa binti yake mtetea mwingine, ili damu ya kuku isizunguke palepale. Basi kila mwaka mpunga ukishavunwa, mama alifunga jogoo miguu, akamtia kwenye kikapu, akaenda Mbingu.

Nilipokuwa mtoto nilidhani safari ile ilikuwa kwa ajili ya jogoo. Nimekuja kujua baadaye, nikiwa nami nimeolewa, kwamba jogoo alikuwa kwa ajili ya safari. Mwanamke wa kwetu hakuamka tu akasema naenda kwa mama, nimemkumbuka. Angeulizwa kuna nini, nani anaumwa, umegombana na nani. Lakini mwenye jogoo wa kurudisha hakuulizwa. Aliaga, akaenda, akalala kwa mama yake akabembelezwa siku kadhaa kama mtoto, akarudi na mtetea mpya na sura iliyonawiri. Kuku wakiwepo, njia ya kwao ilikuwa wazi. Kuku wakiisha, mama alibaki Kiberege.

Kwa hiyo mama alipopigana na siafu, hakuwa anapigania mayai. Masika yalipokaribia alianza kusafisha uani mapema, ukoko wa ugali hauachwi chini, sufuria zinaoshwa mbali, majani yanaparuliwa hadi udongo unabaki uchi. Banda la kuku lilisimama juu ya miguu minne ya miti, na kila mguu ulikaa ndani ya kopo lenye maji na oil chafu kidogo. Juu ya kila kopo alifunika kipande cha bati ili vifaranga wasije wakanywa. Akiona tundu la siafu, alichemsha maji usiku haujaisha vizuri, akayamwaga kabla hajawafungulia kuku, na hakuwafungulia mpaka udongo upoe. Mimi nilipewa kazi ya kuweka kiganja chini na kusema kama pamepoa.

Halafu lilikuja jivu. Alilichukua kwenye matanuru ya matofali wanakochomea kwa pumba za mpunga, akalijaza kwenye kiroba, akalichekecha nyumbani ili lisibaki na kaa la moto wala kokoto. Kila jioni alilimwaga kuzunguka banda, upana wa kiganja, bila kuacha mwanya. Nimewaona siafu kwa macho yangu wakifika kwenye ule mduara, wa mbele wanasita, wa nyuma wanawasukuma, mwisho msafara wote unakata kona na kwenda kwa jirani. Jivu likilowa halifai kitu, ndiyo maana mvua ikinyesha mchana, jioni kazi ilianza upya. Pembeni ya banda alimwaga jivu la ziada kwenye kishimo, la kuku wenyewe. Jua likiwa utosini kuku walikuja pale kuoga. Walijifukia, wakajigeuza, wakajirushia jivu mgongoni wamefumba macho kwa raha. Mama alisema linawatoa utitiri.

Baba hakulipenda jivu. Alikuwa fundi baiskeli, kibanda chake kando ya barabara kuu, na ingawa mikono yake ilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko, suruali yake ilipigwa pasi ikasimama mstari. Jivu lilimganda kwenye pindo. "Uani kwangu kama tumehamia jikoni," alisema akijikung'uta. Akiwa na hasira kidogo aliongeza, "Mambo ya Mbingu haya." Mama alicheka. Nadhani alicheka kwa sababu alijua baba naye akienda Mbingu hula kuku akashiba.

Mwaka ule mpunga ulipoanza kujaza, mama alihamia bondeni kulinda ndege, kama wanawake wote wa pale. Alilala kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji, na mdogo wangu alikwenda naye kwa kuwa bado ananyonya. Mimi nilibaki na baba kwa sababu ya shule. Siku ya kuondoka mama alikuwa na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, ameshavuka uzio, akarudi.

"Baba Skola, jivu tafadhali. Kishingo anaatamia."

"Nimesikia."

"Kila jioni. Na maji kwenye makopo."

"Mama Skola, nimesikia. Mimi ni mtoto?"

Kishingo alikuwa mtetea wa mwisho kutoka kwa bibi, shingo yake haina unyoya hata mmoja, nyekundu, mbaya ukiitazama na mama akiipenda kuliko kitu chochote uani. Baba alimwaga jivu jioni za mwanzo. Alilimwaga kwa mbali, amekunja suruali, kama mtu anayemrushia mbwa mfupa. Kisha akaanza kuchelewa kurudi. Nilimwambia nitamwaga mimi, akasema mtoto wa shule hachezi na majivu, niende nikasome. Makopo yalikauka. Na siku moja akaja na rimu ya baiskeli ya mteja, akaiegemeza kwenye banda.

Siafu walipanda kwa ile rimu. Kulikuwa kunapambazuka, nikasikia kuku wanapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, na nilipotoka baba alikuwa ameshafika bandani peku. Alikuwa anafungua mlango kwa mkono mmoja na kujipiga mapajani kwa mwingine. Kuku walimwagika nje. Kishingo peke yake alikataa kuyaacha mayai, siafu wanampanda, naye kajikunyata tu. Baba alimtoa na mayai yake ndani ya shati, akakimbia naye hadi jikoni, akambandua siafu mmoja mmoja kwenye ile shingo. Ndipo siafu wake mwenyewe walipomzidi. Alivua suruali pale pale uani akaanza kurukaruka. Mama Oswadi, jirani yetu, alikuwa ameshachungulia juu ya uzio.

"Baba Skola, leo ngoma umeianza mapema," alisema, akacheka mpaka akajishika kiuno.

Nilimpenda sana baba asubuhi ile. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linazidi kuniumiza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameumwa na siafu kwa ajili ya kuku wa mama, na alichekwa bila suruali, na hadi anakunywa chai kicheko kile kilikuwa kimeshafika barabarani kabla yake.

Mchana alirudi na kikaratasi kilichokunjwa. Muuzaji alikuwa amempimia kutoka kwenye debe lisilo na maandishi. Baba alijifunga leso puani, akaniambia nikae barazani nisisogee, akaanza kunyunyiza unga mweupe kwenye njia ya siafu. Alifuata hadi kwenye banda, akalizunguka, juu ya mabaki ya mduara wa mama, na kilichobaki akakikung'utia kwenye kile kishimo cha pembeni, labda kwa kuwa aliona siafu pale, labda kwa kuwa hakutaka kibaki. Harufu ilinifikia hadi barazani. Nilipiga chafya.

"Ni nini, baba?"

"Dawa. Sasa tuone kama watarudi."

"Na kuku?"

"Kuku hawali dawa. Kuku wana akili kuliko wewe." Alisema kwa utani, akanifinya shavu, akapanda baiskeli kurudi kazini.

Siafu walianza kujikunja mara moja. Na saa ya kuoga ilipofika, kuku walikuja kishimoni kama kila siku. Walikuta jivu lao limekuwa laini kuliko kawaida, jeupe. Walijifukia humo, wakajirushia, wakalipenyeza kwenye manyoya hadi ngozini. Kishingo naye aliyaacha mayai yake kidogo, akaja, akalala upande, na shingo yake nyekundu ikageuka nyeupe tupu. Nilicheka peke yangu barazani. Mdogo wangu akishaogeshwa, mama alimpaka poda shingoni vile vile. Nikaelewa, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba baba amewanunulia kuku poda ili mama akirudi awakute wanang'aa. Nilimwona baba kuwa mtu wa mahaba makubwa.

Jogoo aliwaona siafu wanaogaagaa. Jogoo yule hakuwa mchoyo, hakuwahi kula kitu kizuri bila kuwaita wake zake kwanza. Aliita, kwa ile sauti ya chini chini, akidonoa na kuachia, akidonoa na kuachia. Wote walikuja wakala.

Kilichofuata nilikiona ni mchezo. Walianza kuyumba. Mmoja alirudi kinyumenyume hadi akagonga uzio, mwingine alifungua mbawa akazungukazunguka, mate yanamtoka mdomoni. Niliendelea kucheka mpaka Kishingo alipoanguka mbele ya baraza, akanyoosha miguu, na sikuona tena kitu cha kuchekesha. Nilikimbia barabarani kumwita baba.

Alipofika wengi walikuwa wameshalala. Alichuchumaa, akamgeuza jogoo, akamlaza tena taratibu. Alitazama kile kishimo kwa muda. Mama Oswadi alikuwa ameingia kwa upande wa pili, safari hii hacheki.

"Jamani. Ni mdondo huo?"

Baba aliinua uso. Nakumbuka namna alivyolipokea lile neno, jina la ugonjwa unaofagia kuku, kama mtu aliyeshikwa na mvua akaona mlango wazi. "Mdondo," alisema. "Ni mdondo."

"Basi leta kisu tuwahi wale wanaohema. Angalau tupate supu."

"Hapana."

"Baba Skola, mdondo haumdhuru mtu. Tunakula siku zote."

"Nimesema hapana, mama. Waache."

Msomaji aliyekulia bondeni ameshaelewa. Kwetu mdondo ukiingia kijijini, hiyo ndiyo wiki ya kula kuku. Watu huchinja mbio mbio kabla hawajafa, hata watoto wasioonja nyama mwezi mzima hushika paja. Hakuna anayezika kuku wa mdondo. Baba alichimba shimo refu nyuma ya choo na akawazika wote, na mayai ya Kishingo, na kile kikaratasi. Mama Oswadi alisimama akamtazama mpaka mwisho, kisha akaondoka bila kuaga.

Mimi nilielewa vingine. Niliona baba anawaheshimu kuku wa mama kiasi kwamba anawazika kama watu. Niliokota vijiti viwili, nikavifunga kwa jani la mgomba kuwa msalaba, nikausimika juu ya lile shimo, nikasali Salamu Maria hadi mwisho. Baba alinikuta. Aliung'oa msalaba akauvunja kwa goti.

"Unataka watu wote wajue?" alisema.

Nikadhani anaona aibu kulia.

Habari zilimfikia mama kule bondeni kupitia watu waliokwenda shambani, naye akaja. Hajatua hata kikapu, baba alimwambia pale pale mlangoni: "Mdondo, Mama Skola. Umepita na wote."  Mama alitua mzigo, akaniachia mtoto, akazunguka banda. Aliinama, akaokota kitu kwa jani. Alikuwa mjusi, amekufa amelala chali. Mbele kidogo kulikuwa na mwingine.

"Na mijusi nao wamepata mdondo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Baba alijipapasa mfukoni kama anatafuta kitu. "Kile kishingo cha mama yako ndicho kimetuletea," alisema. "Kuku wa Mbingu wana magonjwa. Nilikuwa nasema siku zote."

Hakuwa amewahi kusema hivyo hata siku moja. Nami, kwa kuwa nilidhani wamesahau sehemu nzuri ya habari yenyewe, niliidokeza. "Mama, baba aliwapaka poda. Wakaoga, wakawa weupe."

Wote wawili walinitazama. Mama alinishika mkono juu ya kiwiko akanivutia kwake, kwa nguvu, mpaka nikaumia.

"Baba yako amesema ni mdondo. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ni mdondo."

Jioni ile alijifunga mifuko ya nailoni mikononi, akachukua jembe, akaparua udongo wote kuzunguka banda na kuutupa shimoni. Kishimo cha kuogea alikichimba hadi akafikia udongo mwekundu. Banda alilichoma. Kisha akanipeleka bafuni akaniogesha kwa sabuni mara mbili, akanikata kucha hadi karibu na nyama. Hakuna mtu anayefanya hivyo kwa sababu ya mdondo. Baba alikaa ndani akimsikiliza anavyolima, na ugali ulipoiva wakala pamoja wakazungumzia ndege wa bondeni.

Mavuno yalipita na mama hakwenda Mbingu. Hakuwa na jogoo. Bibi alisubiri, akaingiwa na wasiwasi, akaja mwenyewe, alibadilisha gari hapa Ifakara na kikapu chake mapajani. Ndani ya kikapu kulikuwa na mtetea. Ilikuwa Jumapili, baba yupo nyumbani. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani hovyo. Baba akimwona bibi njiani alikuwa akiacha njia, na hata akienda Mbingu hakuwahi kula mbele yake. Siku ile alitoka akasimama kwenye mlango wa uzio, akaujaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Ila huyo kuku, mama, naomba asiingie." Macho yake yalikuwa kwenye kikapu. "Yule aliyetangulia alikuja na mdondo. Kuku wote wa mwanao wamekwisha."

Bibi alishusha kikapu. Alimtazama mama, aliyekuwa amesimama nyuma ya baba ameshika mwiko, katoka jikoni mbio kumpokea.

"Ni kweli, mwanangu?"

Mimi nilikuwa nimeshika khanga ya mama. Nilijua atasema. Kufikia siku ile nilishaijua poda ile ni nini, nilimjua yule mjusi, nilijua kwamba mama anajua.

"Ni kweli, mama," alisema.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekumaliza."

"Ingia unywe maji kwanza, mama."

Bibi aliingia akanywa maji, hakukaa sana. Yule mtetea alimpa Mama Oswadi. Na ili msiba ukamilike, mtetea yule hakuumwa hata mafua. Alitaga upande wa pili wa uzio, akatotoa, akatotoa tena, na kila asubuhi akitoka kwenye yai alitangaza hadi kwetu. Mama akimsikia aliacha kufagia kidogo, kisha akaendelea. Yeye hakufuga tena.

Mbingu alikwenda mara moja tu baada ya pale, kwenye mazishi ya bibi. Nilikuwa nimeshakua, nilikwenda naye. Usiku wa matanga wanawake wakizungumza, mama mdogo alisema bibi aliacha kuwapa binti zake kuku wa mbegu. Aligawa kuku wake wote kwa watu baki. Alikuwa akisema mkono wake una mkosi, umemfukarisha mwanawe. Mama alitoka nje. Nilimfuata nikamkuta ameegemea ukuta wa jiko, analia bila sauti na khanga mdomoni.

"Ungemwambia," nilisema.

"Ningemwambia nini? Kwamba mume wangu ni mwongo?" Alijifuta uso. "Angenirudisha nyumbani siku ile ile. Na wewe ungebaki na nani?"

 Watu husifu uvumilivu wa mama zetu. Mimi siusifu. Uliniokoa mimi na ukamzika bibi na hatia isiyo yake, na mama akaubeba hadi naye akafa, kimya kimya, na baba hakuwahi kulipa chochote. Nina hasira naye. Nimeungama hasira hiyo mara nyingi na kila mara narudi nayo nyumbani ikiwa nzima.

Baba sasa anaishi kwangu. Ni mzee, magoti yamemkataa, lakini suruali yake bado anaipiga pasi kwa bidii. Siku ile ya duka la pembejeo nilipitia kwenye matanuru nikaomba jivu la pumba, nikarudi nalo kwenye bodaboda. Banda la kuku wangu liko karibu na baraza, na baba alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake cha plastiki akiota jua la jioni. Nilianza kuchekecha. 

"Hukununua dawa?"

"Sikununua."

"Umefanya vizuri," alisema. "Ile ya unga ni mbaya kwa mwenye kuku. Wanaioga, halafu wanakula na wadudu walioifia. Inamaliza banda zima siku moja."

Chekecheke lilisimama mikononi mwangu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeandaa maswali ya kumbana nayo, nimeyapanga na kuyapangua, nikijua atakana hadi tone la mwisho. Na sasa alikuwa amesema mwenyewe, bila kubanwa, huku akijikuna kisigino.

"Umejuaje, baba?"

"Aah. Nani asiyejua?"

Nilimtazama. Hakuwa ananificha kitu. Uso wake ulikuwa mweupe, wa mzee anayempa mwanawe ushauri mzuri.

"Bibi alikufa akiamini ni kuku wake," nilisema.

Alinigeukia, amekunja paji la uso, anajitahidi kabisa kukumbuka.

"Bibi yupi?"

Nilichota jivu. Nilianzia nyuma ya banda, upana wa kiganja, bila kuacha mwanya, kama nilivyofundishwa. Nilipofika mbele, kiti chake kilikuwa kwenye njia ya mduara. Aliinua miguu yake, mmoja baada ya mwingine, kwa taabu, nikapitisha mkono chini yake. Jivu kidogo lilimwangukia kwenye pindo la suruali. Aliliona, akanitazama, akasubiri nimpanguse. Nikaendelea kumwaga.